Meza ya Kithai huagizwa kwa pamoja

Kosa kubwa kwenye mkahawa wa Kithai hutokea kabla mpishi hajawasha jiko. Kila mtu anafungua menyu yake, anachagua sahani yake, basi. Mmoja kari ya kijani, wa pili kari nyekundu, wa tatu panang, ambayo nayo ni kari nzito, wa nne pad thai, yaani tambi za mchele za kukaangwa. Chakula kinafika, kila mmoja anainamia chake, na baada ya vijiko vichache tui linaanza kukinaisha. Mwenye pad thai naye anaona utamu umezidi. Wanaondoka wakisema pale wanapika vitu vizito, vya sukari. Mpishi hana kosa. Kari ile imepikwa nzito na yenye chumvi kwa sababu huliwa vijiko viwili vitatu juu ya wali, halafu mlaji anahamia kwenye kitu kichachu, kisha kwenye mboga, kisha anarudi. Hicho kichachu hakuna aliyekiagiza.

Husemwa kwamba upishi wa Kithai ni mizani ya uchachu, chumvi, utamu na ukali wa pilipili. Ni kweli, ila mizani hiyo mara nyingi haimo ndani ya sahani moja; hukamilika mezani, kwa vyakula vinne au vitano vinavyoliwa kwa zamu. Wathai wenyewe wana neno kwa vyakula hivyo: kap khao, yaani vinavyoliwa pamoja na wali. Kwa Kiswahili tungesema kitoweo, wala hakuna haja ya kutafuta neno jingine. Wali ndio chakula, vilivyobaki vyote ni vitoweo vyake, na vitoweo huwekwa katikati vikawa vya wote. Anayeagiza kwa niaba ya meza, kwa hiyo, anafanya nusu ya kazi ya upishi.

Kipimo kinachofaa ni hiki. Watu wawili, vitoweo vitatu. Watu wanne, vitano. Mkifika sita, ongezeni kimoja au viwili tu, na kile kinachogombewa kiletwe sahani mbili. Aina zikizidi saba watu hupoteza hesabu na kingi hubaki. Wali ni bakuli moja kwa kila mtu, na bakuli la ziada kwa kila watu wawili, maana chakula chenye pilipili hula wali kuliko mnavyodhani.

Kuhusu aina, chukueni kimoja kutoka kila upishi. Majina ya Kithai yanasaidia sana hapa kwa sababu mengi yanaeleza tu jinsi chakula kilivyopikwa na kilichomo. Kaeng ni kari. Phat ni cha kukaangwa haraka karaini. Tom ni cha kuchemshwa, yaani supu. Yam ni saladi yenye ndimu na pilipili, na tam ni ya kutwangwa. Thot ni cha kukaangwa kwenye mafuta mengi. Kisha linakuja jina la kitu chenyewe: kai kuku, nuea ng'ombe, mu nguruwe, kung kamba wa baharini, pla samaki, pet bata. Khao ni wali au mchele, sen ni tambi. Kwa hiyo phat kaphrao kai ni kuku aliyekaangwa na majani ya kaphrao, aina ya mrihani. Tahajia hubadilika kutoka menyu hadi menyu, mtaona pad, phad na phat, lakini ni neno moja. Angalieni tu pet na phet: la kwanza ni bata, la pili ni kali.

Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni kwamba tui liingie mezani mara moja tu. Mkichukua kari ya tui, basi supu iwe tom yam isiyo na maziwa. Mkitaka tom kha, ile supu ya kuku yenye tui na galanga, mzizi unaofanana na tangawizi, achaneni na kari ya kijani siku hiyo, au chukueni kaeng pa, kari ya msituni, ambayo haina tui kabisa. Karanga nazo zihesabiwe vivyo hivyo. Zimo kwenye mchuzi wa mishikaki ya satay, zimo kwenye kari ya massaman, zimo kwenye pad thai na kwenye saladi ya papai. Mkiagiza vyote vinne mtakuwa mmekula karanga jioni nzima. Na lazima kiwepo angalau kimoja kisicho na pilipili. Khai chiao, kimanda cha Kithai kinachokaangwa kwenye mafuta mengi yaliyopata moto hasa mpaka kingo zinaumuka na kukauka, hufanya kazi hiyo vizuri kuliko chochote.

Kari inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndiyo inayoonyesha kama jiko linajua kazi. Kwa njia ya asili, mpishi huanza na tui la kwanza, lile zito, analichemsha karaini mpaka likatike makusudi na mafuta yajitenge. Anatia viungo vilivyotwangwa na kuvikaanga ndani ya mafuta hayo ya nazi mpaka harufu ibadilike kutoka ubichi. Hapo ndipo anapoongeza nyama, sosi ya samaki, sukari ya mnazi na tui jepesi. Ikiletwa mezani, tazameni juu ya bakuli: pawe na vidoto vya mafuta yenye rangi, ya kijani kwenye kari ya kijani, mekundu kwenye nyekundu. Mtu asiyejua huviona kama uchafu akavisukuma pembeni kwa kijiko. Vile ndivyo vilivyobeba harufu, kwa kuwa sehemu kubwa ya harufu za viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Kari iliyo laini na nyeupe kama maziwa toka juu mpaka chini kwa kawaida ni tui la kopo lililochemshwa, viungo vikakorogwa ndani bila kukaangwa. Wakati mwingine si uvivu: matui mengi ya kopo hutiwa dawa ya kuyazuia yasikatike, na mpishi hata akichemsha vipi hayajitengi. Ladha yake inakuwa ya pilipili mbichi na vitunguu saumu, na inakaa juu ya ulimi tu.

Kama wanasaga viungo wenyewe ni jambo zuri kuliuliza, lakini jibu la hapana lisiwakimbize. Hata Thailand kwenyewe watu wengi hununua viungo vilivyokwisha kutwangwa sokoni, kwa uzito. Kilicho muhimu zaidi ni kukaanga kule.

Kuna jina moja linalopotosha. Kari ya kijani huitwa kaeng khiao wan. Khiao ni kijani na wan ni tamu, na wengi wakaielewa kuwa ni kari ya sukari. Utamu unaotajwa ni wa rangi, ule ukijani mpole wa pilipili mbichi zilizochanganywa na tui. Kwa asili yake ni miongoni mwa kari kali. Asiyeweza pilipili aende kwa massaman, ambayo viungo vyake vikavu ni iliki, mdalasini, karafuu, kungumanga, bizari nyembamba na giligilani. Ni kari inayohusishwa na wafanyabiashara Waislamu, na jina lenyewe linatajwa kuwa limetokana na neno la zamani lenye maana ya Mwislamu. Massaman hutaka nyama ngumu iliyochemka muda mrefu, pamoja na viazi. Menyu inayokupa massaman ya kamba inakuambia kwamba mchuzi upo tayari na kamba watatupiwa dakika za mwisho. Haitakuwa mbaya, ila haitakuwa massaman.

Sasa pilipili, ambayo ndiyo huharibu jioni nyingi. Mhudumu akiuliza mnataka ukali kiasi gani, kumbukeni kwamba jiko haliwezi kubadilisha kila kitu. Saladi, supu ya tom yam na vya kukaangwa karaini hutengenezwa pale pale mnapoagiza, kwa hiyo pilipili inaweza kupunguzwa, kuongezwa au kuachwa. Kari haiwezi. Pilipili yake imetwangwa ndani ya viungo tangu asubuhi, na mpishi akitaka kuipunguza hana budi kupunguza viungo vyote, yaani ladha yenyewe, au kuongeza tui na sukari. Ukiomba kari ya kijani isiyo na pilipili, utaletewa mchuzi mtamu wa nazi. Afadhali kubadilisha chakula kuliko kubadilisha kari.

Kwenye som tam, saladi ya papai bichi, mambo ni rahisi zaidi: taja idadi. Pilipili moja, mbili, tatu. Pilipili inayotumika ni ndogo, phrik khi nu, ndugu wa ile tunayoiita pilipili kichaa, na ukali wake mara nyingi hutajwa kati ya 50,000 na 100,000 kwenye kipimo cha Scoville. Moja hupasha mdomo joto, mbili zinatosha watu wengi, nne ni kwa aliyezoea. Ikizidi, msikimbilie maji. Kikali kilichomo kwenye pilipili hakiyeyuki kwenye maji. Mnakisambaza tu mdomoni. Wali husaidia, tango husaidia kidogo, na chai ya Kithai ya baridi yenye maziwa mazito husaidia zaidi, kwa sababu protini ya maziwa hukikamata na kukiondoa. Tui halina protini hiyo.

Som tam hutengenezwa kwenye kinu kirefu cha udongo na mchi wa mti. Kwanza vitunguu saumu na pilipili, kisha sukari ya mnazi, maharage mabichi yaliyokatwa, nyanya, uduvi mkavu, ndimu na sosi ya samaki, na papai mwishoni. Mkono mmoja unatwanga, mwingine unageuza kwa kijiko. Papai halisagwi; linachubuliwa tu ili linywe mchuzi, na linatakiwa bado litoe sauti likitafunwa. Saladi iliyochanganywa kwenye bakuli bila kutwangwa mtaijua mara moja: mchuzi umetuama chini, papai juu ni kavu. Iliyokaa robo saa nayo inakuwa imetoa maji na kulegea, kwa hiyo ikifika mapema kuliko vingine, anzeni nayo. Kama menyu ina aina mbili, ile iitwayo som tam thai ndiyo yenye karanga na utamu kiasi; yenye neno pla ra ina samaki aliyechachushwa, harufu yake ni nzito na ladha yake ni ya kina. Naipenda zaidi hii ya pili, lakini si ya kumshtukizia mgeni.

Laap, nyama ya kusaga yenye ndimu, mnanaa na vitunguu vidogo vyekundu, ina siri moja: mchele wa kunata uliokaangwa mkavu mpaka ukawa kahawia, kisha ukasagwa. Ndio unaoipa harufu ya kuchoma na chembechembe chini ya meno. Ukitiwa mapema hunywa maji na kuwa uji. Laap na som tam asili yake ni Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, na huko huliwa na wali wa kunata. Ukiagiza viwili hivi agiza na wali huo. Unamegwa kwa vidole, unafinyangwa tonge dogo, unabonyezwa na kuchovywa. Kikapu chake kifunikwe kila baada ya kumega, maana ukipigwa na hewa unakauka na kuwa mgumu. Kwa kari haufai, haunywi mchuzi.

Tom yam kung, supu ya kamba iliyoingizwa mwaka 2024 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa kitamaduni usioshikika, huja kwa namna mbili: ya maji maangavu, nam sai, au iliyotiwa maziwa ya kopo, nam khon. Zote ni halali. Vipande vya mchaichai, vya galanga na majani ya makrut, ile ndimu yenye ganda la makunyanzi, haviliwi. Viacheni ndani ya bakuli au vitoeni pembeni. Supu nzuri inanusika ndimu mbichi, kwa sababu ndimu hukamuliwa moto ukiwa umezimwa. Iliyochemka pamoja na ndimu huwa na uchungu nyuma ya ulimi na harufu imekufa.

Pad thai nimeiweka mwishoni kwa makusudi. Si kitoweo; ni mlo wa mtu mmoja, wa peke yake. Upishi wake wa karai ulitoka kwa Wachina, na ulienezwa kama chakula cha taifa wakati wa utawala wa waziri mkuu Plaek Phibunsongkhram, katika miaka ile ile nchi ilipoacha jina la Siam na kuitwa Thailand, mwaka 1939. Mchana, mkiwa na haraka, ni chakula kizuri mno. Kwenye meza ya kushirikiana huleta wanga juu ya wanga. Mkiichukua, angalieni rangi: ukwaju hutoa kahawia hafifu, wekundu wa kung'aa ni sosi ya nyanya au rangi. Tambi za mchele hulowekwa kwenye maji yasiyo ya moto mpaka zipinde bila kuvunjika, zikiwa bado na ugumu ndani, na humalizikia kuiva karaini kwa kunywa mchuzi. Zilizochemshwa kwanza hukatika na kushikana kama bonge. Bonge hutokea pia karai likijazwa: mpishi akipika sahani nne kwa mpigo, joto linashuka, tambi zinatoa mvuke badala ya kukaangika. Ndiyo maana meza nzima isiagize pad thai wakati mkahawa umejaa. Ndimu, choroko zilizochipua, karanga na pilipili ya unga vilivyowekwa kando ya sahani si mapambo. Kamua, nyunyiza, changanya, onja. Mpishi ameacha hatua ya mwisho kwako.

Vivyo hivyo vile vikopo vinne vya mezani, sukari, pilipili ya unga, pilipili ndani ya siki na sosi ya samaki: ni vya tambi. Kwa wali na vitoweo kuna kibakuli cha phrik nam pla, sosi ya samaki yenye pilipili zilizokatwakatwa, na hutiwa kwa matone badala ya chumvi. Kama hakipo, ombeni.

Kula kwenyewe hakuna ugumu. Kijiko mkono wa kulia, uma wa kushoto. Uma unasukumia chakula kwenye kijiko na hauendi mdomoni. Kisu hakipo kwa kuwa vitu vimekatwa jikoni. Vijiti ni vya tambi za supu, na kuviomba kwa ajili ya wali kunawatesa tu. Pakueni wali kwanza, kisha kijiko kimoja au viwili vya kitoweo kimoja, mle, ndipo mhamie kingine. Msimwage kari juu ya wali wote, maana kila kitakachofuata kitakuwa na ladha ya kari. Jiko likiwa na desturi ya kuleta saladi na mishikaki kwanza, mwambieni mhudumu tangu mwanzo kwamba mnataka vyote vije pamoja, asipoambiwa hatakisia.

Asiyekula nyama au mwenye mzio awe mahususi. Kuuliza "Kuna nyama?" hakutoshi. Uliza kama wanatia sosi ya samaki, kapi, ambayo ni uduvi uliochachushwa na kusagwa, au sosi ya chaza. Kapi imo ndani ya viungo vya karibu kila kari, kwa hiyo kari ya tofu si lazima iwe ya mboga tupu. Neno jay likiandikwa kwenye menyu maana yake hakuna nyama, samaki, mayai wala maziwa, na hata vitunguu saumu huachwa. Kwa mwenye mzio wa karanga au kamba, tatizo ni vyombo: kinu kimoja hutwanga som tam zote, na karai moja hupikia pad thai kabla ya mboga zako. Sema mapema, kabla ya kuagiza, na uombe ujumbe umfikie mpishi mwenyewe. Wakisita, kula mahali pengine siku hiyo.

Kwa utamu wa mwisho, wali wa kunata na embe, khao niao mamuang, uagizeni embe likiwa msimu. Embe la baridi lisiloiva halina dawa. Mchele hulowekwa saa kadhaa, hupikwa kwa mvuke, na hukorogwa na tui la sukari na chumvi ukiwa bado wa moto, kisha huachwa ufunikwe dakika 20 hivi ulinywe lote. Unatakiwa uletwe vuguvugu, punje zikiwa zimeng'aa, na tui jingine lenye chumvi kidogo juu yake. Ukiwa baridi na mgumu katikati, umetoka kwenye friji, na hapo hata embe zuri haliuokoi. Mnaweza kuuliza kabla: "Wali wa leo umepikwa saa ngapi?" Sahani moja inatosha watu watatu.